Dawa Isiyo na Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Diazepamu Katika Wodi ya Upasuaji

Kisa kinachochambuliwa hapa hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara katika wodi za upasuaji, hasa kwa wagonjwa wazee, na nimekichagua kwa sababu hakuna ndani yake mtu aliyefanya uzembe wa wazi. Kila hatua, ikitazamwa peke yake, inaeleweka. Mfuatano wa hatua hizo ndio uliomdhuru mgonjwa, na ndio unaostahili kuchunguzwa.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 76, mwenye uzito wa kilo 52, aliyelazwa baada ya kuanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja la kulia. Alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata bila tatizo lolote. Kabla ya kuanguka aliishi na binti yake, alijihudumia mwenyewe, na akili yake ilikuwa timamu. Ukiacha presha iliyodhibitiwa kwa kidonge kimoja, shida yake ya kudumu ilikuwa usikivu hafifu, na kwa ajili hiyo alitumia kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa hicho kilivuliwa kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kikawekwa kwenye mfuko wa vitu vyake, na hakuna aliyekirudisha sikioni. Kwa maumivu aliandikiwa parasetamoli kwa saa maalumu na morfini kila inapohitajika. Mpira wa mkojo aliowekewa wakati wa upasuaji ulitolewa asubuhi ya siku ya pili.

Usiku wa siku hiyo ya pili, yapata saa saba, alianza kupiga kelele. Alivuta dripu hadi ikachomoka, akataka kushuka kitandani, akamwita muuguzi kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, akasema chumba kimejaa watu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliamka. Muuguzi, aliyekuwa peke yake kwa wodi nzima, alimpigia simu daktari wa zamu, ambaye wakati huo alikuwa kwenye dharura katika jengo jingine na hakuwa amewahi kumwona mgonjwa huyu. Agizo lilitolewa kwa simu: diazepamu, dawa ya kutuliza, miligramu 10 kwa sindano ya msuli, kisha miligramu 5 kwa mdomo kila usiku ikihitajika. Baada ya saa moja na nusu hivi mgonjwa alilala. Asubuhi taarifa ya zamu ilisema kwamba alisumbua usiku, akapewa dawa, akatulia.

Usiku huo unahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana nao. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, akaanza kuweweseka leo, ana ugonjwa wa ghafla wa ubongo unaosababishwa na jambo fulani mwilini au katika mazingira yake. Madaktari huita hali hiyo deliriamu. Vyanzo vyake katika siku za kwanza baada ya upasuaji vinajulikana vizuri: maumivu yasiyotulizwa, oksijeni kupungua, maambukizi, sukari au sodiamu kwenda kombo, mkojo kuzuilika, choo kufunga, dawa mpya, au kuacha ghafla pombe au dawa ambayo mwili umeizoea. Mengi kati ya hayo hukaguliwa kitandani ndani ya dakika chache kwa kupima oksijeni, joto na sukari, kupapasa tumbo la chini, na kumuuliza mgonjwa kwa sauti inayosikika kama anaumwa. Katika kisa hiki jibu lilikuwa tayari kwenye karatasi. Chati ya maji yanayoingia na kutoka haikuwa na alama yoyote ya mkojo tangu mpira ulipotolewa asubuhi, yaani kwa zaidi ya saa kumi na nne. Morfini na dawa za nusukaputi hulegeza kibofu, na mzee mwenye kibofu kilichojaa hadi kutanuka anaweza kushindwa kabisa kusema kwamba amebanwa na mkojo. Hutapatapa, huvuta mipira, hutaka kuinuka. Huyu alitaka kushuka kitandani kwa sababu alihitaji kwenda chooni, na dawa ilimnyamazisha kabla haja hiyo haijajulikana.

Kuna swali jingine ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya sindano, nalo ni la pombe. Dalili za kuacha pombe huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho, na ile hali ya hatari zaidi, ya kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo na joto kupanda, huja kati ya saa 48 na 96. Hesabu ya saa tangu mgonjwa huyu alazwe ilimweka katikati ya kipindi hicho. Angekuwa mtu aliyekunywa kila siku, diazepamu ingekuwa tiba sahihi, tena huenda kwa dozi kubwa kuliko aliyopewa, kwa kuwa hali hiyo isipotibiwa huua. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaotaka dawa za kundi hili, ziitwazo benzodiazepini, ziondolewe wodini kabisa. Diazepamu, lorazepamu na midazolamu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zimestahili kuwamo. Husimamisha degedege lisilokoma, humwandaa mgonjwa kwa kipimo cha kutisha, na humpa nafuu mtu anayekufa akiwa na hofu na pumzi fupi. Agizo la usiku ule lilikosa sababu iliyotajwa, na dawa hizi zikitolewa bila sababu iliyotajwa hakuna namna ya kujua zimefanya kazi gani wala lini kazi hiyo imekwisha.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963, ikatokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach, ambaye dawa yake ya kwanza ya kundi hilo, klodiazepoksidi, ilikuwa imetoka mwaka 1960. Kabla ya hapo watu walitulizwa kwa babitureti, dawa ambazo dozi yake ya kuua haiko mbali sana na dozi ya tiba, kwa hiyo benzodiazepini zilipokelewa kama ukombozi, na sifa hiyo ya usalama imeshikamana nazo hadi leo. Zinaongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kupunguza msisimko wa chembe zake. Mtu hutulia, misuli hulegea, usingizi huja. Lakini kumbukumbu, uangalifu na usawa wa mwili navyo hushuka kwa njia hiyohiyo. Hakuna namna ya kupata nusu ya kwanza bila nusu ya pili.

Kwa mzee, tatizo kubwa ni muda. Kwa kijana nusu ya diazepamu iliyomo mwilini huweza kuondoka kwa siku moja hivi. Kwa mtu wa umri wa mgonjwa huyu huweza kuchukua siku tatu, kwa sababu ini lake huivunja polepole zaidi na dawa yenyewe hujificha katika mafuta, ambayo kwa wazee huwa sehemu kubwa zaidi ya mwili. Tukichukua siku tatu kama kipimo, hesabu inakwenda hivi. Usiku wa pili alipata miligramu 10. Usiku wa tatu, kabla ya kidonge, zilikuwa zimebaki takriban 8, na baada ya kidonge zikawa 13. Usiku wa nne zikafika 15, wa tano 17, na wa sita zaidi ya 18. Chati ilionyesha dozi ndogo ya miligramu 5, ilhali mwili ulibeba karibu mara nne ya kiasi hicho, na kiwango kilikuwa bado kinapanda. Kingeendelea hadi kukaribia 24. Hesabu hiyo haijajumlisha zao la diazepamu ambalo ini hulitengeneza, desmethildiazepamu, ambalo nalo hutuliza na hukaa mwilini muda mrefu kuliko dawa mama. Tena sindano ya msuli ya usiku wa pili hufyonzwa polepole na kwa namna isiyotabirika, na kwa hiyo hata kilele cha dozi ile ya kwanza hakuna aliyejua kilifika lini.

Wafanyakazi wa wodi hawakuona hesabu hiyo, waliona utulivu. Siku ya tatu hadi ya sita mgonjwa alilala mchana kutwa, akafumbua macho akiitwa, akajibu neno moja, akalala tena. Binti yake alishukuru kwamba mama sasa anapumzika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja, akaandika kwamba mgonjwa ana usingizi na hawezi kushirikiana, akaondoka. Kesho yake akaandika vivyo hivyo. Uji ulimpalia mara mbili. Ngozi ya mgongoni, juu kidogo ya makalio, ilianza kuwa nyekundu. Usiku wa nne, baada ya morfini na diazepamu kutolewa kwa kufuatana, kiwango cha oksijeni kilishuka hadi asilimia 87, akawekewa oksijeni puani, na hakuna aliyeandika kwamba dawa mbili zinazopunguza pumzi zilikuwa zimekutana. Hatari ya mkutano huo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye maelezo ya makundi yote mawili. Usiku wa tano alikutwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Hakuvunjika. Alirudishwa kitandani, vyuma vya pembeni vikapandishwa, na kidonge cha usiku kikatolewa kama kawaida.

Hakuna aliyekuwa akifikiria deliriamu tena, kwa kuwa wengi wetu tunaitambua kwa kelele. Ipo aina yake ya kimya, ambamo mgonjwa hulegea, hupoteza uangalifu na kujitenga na watu, na aina hiyo hupita bila kutambuliwa kwa urahisi zaidi hasa kwa sababu haimsumbui mtu yeyote. Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye na wenzake walichapisha njia fupi ya kuitambua: hali iwe imeanza ghafla na kupandashuka, mgonjwa ashindwe kushika jambo moja kwa uangalifu, na kando ya hayo mawazo yake yavurugike au kiwango cha ufahamu kibadilike. Kumwomba mtu ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kunatosha kuonyesha kama uangalifu upo. Siku zile nne hakuna aliyemwomba.

Jambo ninaloliona kuwa kiini cha kisa hiki limo katika neno moja la agizo lile: "ikihitajika". Usiku wa pili neno hilo lilikuwa na maana iliyojulikana na watu wawili, daktari aliyeagiza na muuguzi aliyepiga simu. Usiku wa tatu alikuwapo muuguzi mwingine, ambaye alisoma taarifa ya zamu, akahofia mambo ya jana yasijirudie, akatoa kidonge mapema. Usiku wa nne, muuguzi wa tatu alitoa kwa sababu wawili waliotangulia walitoa. Kufikia usiku wa sita, mgonjwa alikuwa akiamshwa ili apewe dawa ya kulala. Mchana, timu ya upasuaji ilipita kitandani kila asubuhi, ikatazama kidonda, ikatazama nyonga, na kuiacha chati ya dawa kama ilivyo, kwa kuwa diazepamu haikuwa yao. Ilikuwa ya daktari wa zamu. Daktari wa zamu naye alikuwa ameshaondoka bila kujua kwamba agizo la dakika mbili kwenye simu limekuwa matibabu ya wiki. Dawa ilikuwa na mtoaji kila usiku, ila haikuwa na mwenyewe. Agizo lingesema kwamba ni kwa ajili ya fadhaa inayohatarisha maisha, baada ya kukagua maumivu, kibofu na oksijeni, kwa dozi moja tu, na litazamwe upya asubuhi, muuguzi wa usiku wa tatu angekuwa na kitu cha kuamulia.

Siwalaumu wauguzi hao. Mtu mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, na mgonjwa mmoja akitaka kushuka kitandani kila baada ya dakika kumi, kidonge ndicho msaidizi pekee anayepatikana. Lakini hapo lazima tuseme jambo hilo kwa jina lake. Dawa inayotolewa ili mgonjwa abaki kitandani kwa kuwa hakuna mtu wa kukaa naye ni kamba ya kumfungia, na kumfunga mgonjwa kwa kamba ya kitambaa hospitali nyingi hudai idhini, sababu iliyoandikwa na muda wa kukagua upya. Sioni kwa nini kamba ya kemikali ipite bila hayo.

Asubuhi ya siku ya saba mfamasia aliyekuwa akipitia chati za wodi alisimama kwenye ile ya mgonjwa huyu. Umri wake pekee ulitosha kumsimamisha: vigezo vya Beers, vilivyoandaliwa kwanza mwaka 1991 na daktari Mark Beers na sasa kusimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, vinashauri benzodiazepini ziepukwe kwa wazee isipokuwa kwa sababu chache kama degedege na kuacha pombe. Alimwita daktari wa wodi, wakamchunguza mgonjwa pamoja. Pumzi zilikuwa 13 kwa dakika, aliamka kwa kuitwa, hakuweza kutaja siku mbili za wiki kwa mfuatano. Kibofu kilipapaswa hadi karibu na kitovu. Mpira uliporudishwa ulitoa zaidi ya mililita 800 za mkojo, na karatasi za siku zilizopita zilionyesha kwamba shuka zilizobadilishwa mara kwa mara, zilizodhaniwa kuwa za mzee asiyejizuia, zilikuwa za kibofu kilichofurika. Choo hakikuwa kimepatikana tangu alazwe.

Kabla ya kufuta diazepamu, mfamasia alimgeukia binti na kumuuliza kama mama alikuwa akitumia vidonge vya usingizi au pombe nyumbani, na akamwomba alete dawa zote zilizokuwa chumbani mwake. Hatua hiyo naiheshimu sana kwa sababu ndiyo inayosahauliwa na watu wenye nia njema. Mtu aliyemeza dawa hizi kila usiku kwa miezi au miaka hawezi kunyimwa ghafla, kwani ubongo uliozoea kutulizwa huweza kulipuka kwa fadhaa, kukosa usingizi, hata degedege, na njia salama ni kupunguza dozi kidogokidogo kwa wiki nyingi. Jibu lilikuwa hapana, na mfuko wa dawa ulithibitisha. Kwa mgonjwa aliyeitumia kwa siku tano tu, kusimamisha moja kwa moja kulikubalika, maana dawa inayoondoka polepole namna hii hujipunguza yenyewe.

Daktari alifikiria pia flumazenili, dawa inayoziondoa benzodiazepini kwenye vipokezi vyake. Aliiacha, na nadhani aliamua vyema. Mgonjwa alikuwa anapumua vya kutosha. Flumazenili hudumu muda mfupi sana kuliko diazepamu, hivyo angeamka kwa saa moja hivi na kuzama tena. Akaachwa aamke kwa kadiri dawa ilivyopungua, akikaguliwa pumzi na oksijeni mara kwa mara, huku morfini ikipunguzwa na parasetamoli ikitolewa bila kuruka saa.

Mtu mmoja katika kikao cha asubuhi alipendekeza haloperidoli, dawa ya kutibu maradhi ya akili, iwekwe kwa dozi ndogo badala yake, iwapo atasumbua tena. Pendekezo hilo husikika sana na linahitaji jibu. Dawa za kutibu maradhi ya akili zina hatari zake: huweza kuvuruga mapigo ya moyo, huwadhuru vibaya wenye ugonjwa wa Parkinson, na kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu zimehusishwa na ongezeko la vifo. Katika utafiti wa MIND-USA wa mwaka 2018 kwa wagonjwa mahututi, haloperidoli haikufupisha deliriamu kuliko dawa bandia. Inabaki kuwa na nafasi pale mgonjwa anapokuwa karibu kujiumiza au kuumiza wengine na njia nyingine zimeshindwa, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Kubadilisha jina la dawa kwenye mstari wa "ikihitajika" kungeacha kosa lilelile mahali pake.

Kilichowekwa badala ya kidonge kilikuwa kazi ya watu. Kifaa cha kusikia kilitolewa mfukoni na kuwekwa sikioni. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha. Binti aliruhusiwa kukaa hadi usiku unapoingia, na aliombwa azungumze na mama yake kuhusu mambo ya nyumbani na kumtajia siku na mahali alipo. Mazoezi ya kuketi na kusimama yalianza hata kabla akili haijarudi sawasawa, dawa ya kulainisha choo ikaandikwa, na wauguzi wakakubaliana kwamba vipimo vya saa nane za usiku, ambavyo havikuwa na ulazima tena, visimwamshe. Mambo haya yanaonekana madogo karibu na sindano, lakini yamepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa wazee 852, mpango wa aina hii, uliolenga usingizi, usikivu, uoni, maji mwilini, kutembea na kuzungumzishwa, ulishusha deliriamu kutoka asilimia 15.0 hadi 9.9. Utafiti huo ulionyesha vilevile kwamba deliriamu ikishaanza, mpango huo haukupunguza ukali wake, na hapo ndipo ninapouona uzito wa usiku wa pili: yaliyofanyika siku ya saba yangefaa zaidi kama yangefanyika siku ya kwanza.

Nafuu ilikuja kwa kusuasua. Siku ya nane aliweweseka jioni, akatulizwa kwa kushikwa mkono na kuzungumzishwa kwa nusu saa. Siku ya kumi alimtambua binti yake na kuuliza kwa nini ana mpira wa mkojo. Siku ya kumi na mbili mpira ulitolewa, akakojoa mwenyewe, akatembea hatua chache kwa fremu. Alama nyekundu ya mgongoni haikuwa kidonda. Hata hivyo, siku ya kuruhusiwa bado alikosea mwezi na kurudia swali alilokwisha kujibiwa, na familia ilielezwa bila kufichwa kwamba deliriamu huweza kuchukua wiki au miezi kuisha, na kwamba kumbukumbu yake ipimwe tena baadaye kwa kuwa wazee waliopata hali hiyo wako katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa na akili miaka inayofuata.

Rasimu ya karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa imenakiliwa kutoka chati ya wiki ya kwanza, na katika orodha ya dawa za nyumbani ilisoma: diazepamu miligramu 5 kila usiku, vidonge 30. Mfamasia aliufuta mstari huo kabla haujafika dirisha la dawa. Mahali pake aliandika kwamba mgonjwa alipewa diazepamu kwa siku tano, ikasimamishwa kwa sababu ilimletea usingizi wa mchana na kushuka kwa oksijeni, kwamba chanzo cha fadhaa yake kilikuwa mkojo uliozuilika, na kwamba akilazwa tena akaanza kuweweseka, kibofu, maumivu na kifaa cha kusikia vikaguliwe kwanza. Nakala moja ilikwenda kwa daktari atakayemwona kliniki, na nyingine alipewa binti mkononi, akasomewa.